Mabomba ya breki ya kopa nikeli na hosi za stenlesi kwenye 109: nimetumia miezi tisa, haya ndo maoni yangu

Wakuu habari zenu. Kuna watu kama watatu wameshaniuliza kuhusu yale mabomba ya breki yanayong'aa chini ya Land Rover yangu, nikaona niandike yote mara moja, nilichonunua, bei, kazi ya kufunga ilivyokuwa, kilichonifaa na kile ambacho kwa maoni yangu hela yake ingeweza kwenda kwingine. Ni ndefu kidogo, mnivumilie.

Gari ni Land Rover Series III, 109 (ile ndefu), ya 1978, ya petroli, breki ni dramu kote kote na haina busta (kile cha kuongezea nguvu ya mguu). Masta silinda yake (ile inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali) ni ya chumba kimoja, yani mafuta yanayosukuma breki za mbele na za nyuma yanatoka sehemu moja tu, hilo naomba mlishike maana ndo lilitaka kuniua. Na gari inalala Tanga mwaka mzima, karibu na bahari, mnajua wenyewe chumvi ya pale inavyokula chuma.

Mwaka jana tulikuwa tunatoka Lushoto, mimi na mke wangu mbele, shangazi yangu nyuma na magunia ya viazi, tunashuka kwenda Mombo. Tumeshaipita Soni, kona ile unaiona inakuja nikakanyaga breki pedali ikaenda mpaka sakafuni, nikapiga ya pili, ya tatu, hamna kitu. Shangazi anauliza "mwanangu mbona hupunguzi?" nikamwambia "shangazi shika hapo, breki zimekata". Kilichotuokoa ni kwamba Series III ina sinkronaiza (zile zinazolainisha gia kuingia gari ikiwa kwenye mwendo) kwenye gia zote nne za mbele, kwahiyo niliweza kushusha toka tatu kwenda mbili na gari ingali inakimbia, halafu nikavuta hendibreki kidogo kidogo. Hendibreki ya hizi gari haiko kwenye matairi, ina dramu yake nyuma ya transfa kesi (ile gia boksi ya pili) inashika propela (shafti ya kwenda nyuma), ni kali sana na haitakiwi kuvutwa gari ikiwa kwenye mwendo maana inaweza kuvunja vitu huko nyuma, ila siku ile sikuwa na chaguo. Tukasimama tumeegemea ukingo wa udongo. Mke wangu hakuongea mpaka tunafika Mombo, na mpaka leo tukikaribia pale ananishika mkono.

Kulala chini kuangalia, bomba la juu ya difu ya nyuma, lile linalotoka kwenye tii (kiungio cha njia tatu) kwenda tairi la kushoto, limetoboka. Ukiliangalia kwa juu lilikuwa zima kabisa, rangi ipo, lakini pale linapobanwa na klipu tope lilikuwa linaingia na kukaa na unyevu, kutu ikala kwa chini mpaka bomba likabaki kama karatasi. Kwakuwa masta silinda ni ya chumba kimoja, tobo moja la sindano nyuma likamwaga presha ya gari zima. Halafu nilipofuatilia bomba lote mpaka mbele nikakuta kitu kibaya zaidi, kuna gereji (sitaitaja) miaka ya nyuma walikata kipande kilichooza kwenye chesisi wakaunga bomba la kopa la friji, na kiungio chenyewe ni kile cha kubana kwa pete kama cha bomba la maji. Nimeendesha hivyo watoto wakiwa ndani. Kopa tupu inapata ugumu kila ikitikiswa, mwisho inapasuka yenyewe, na kile kiungio cha pete hakijatengenezwa kwa presha ya breki hata kidogo. Ukiona kitu cha namna hiyo chini ya gari yako usiseme nitarekebisha mwezi ujao, paki leo.

Ndo nikaamua natoa yote, kuanzia masta silinda mpaka tairi la mwisho.

Nilichoagiza, kutoka duka la spea za Land Rover huko Uingereza, akanibebea ndugu yangu aliyekuwa anarudi likizo: koili mbili za bomba la kopa nikeli la 3/16 ya inchi, kila moja futi 25, hosi tatu za kusukwa kwa waya wa stenlesi ndani tefloni, nati mpya za bomba kama thelathini, klipu zenye mpira ndani, na kifaa cha kutanua mdomo wa bomba kile cha kufunga kwenye vaisi. Koili moja ilinigharimu kama elfu 80, hosi zote tatu laki mbili na ushee, kifaa laki moja na nusu, nati na klipu kama elfu 70. Mafuta ya breki DOT 4 nilinunua hapahapa.

Nianze na bomba lenyewe maana ndo nyota wa hii kazi. Kopa nikeli ni mchanganyiko, asilimia 90 kopa na asilimia 10 nikeli na vijichembe vya chuma na manganizi, halishiki kutu kama la chuma na halichoki kwa mtikisiko kama kopa tupu. Volvo walikuwa wanafunga haya mabomba kiwandani tangu miaka ya 1970 kwahiyo sio kitu cha kujaribia. Unalikunja kwa mikono, kwenye kona kali tulizungushia kwenye chupa ya soda ili lisibonyee, na halirudi nyuma kama la chuma ambalo unalikunja linakunyookea. Tulitoa bomba la zamani zima zima tukalilaza sakafuni tukawa tunakunja jipya kwa kufuatisha, kona kwa kona. Miezi tisa sasa, masika yote yamepita, nimeenda Pangani sijui mara ngapi na ile barabara mnaijua, nimelala chini juzi na tochi nikaangalia kila klipu, rangi imefifia imekuwa ya kahawia lakini hakuna hata doa la kuliwa. Bomba hili nalipa alama kumi kwa kumi, na kama unaishi Tanga, Dar, Mombasa, Lamu, Unguja, popote penye upepo wa chumvi, mimi sioni sababu ya kurudisha la chuma.

Ila sasa bomba zuri bila mdomo mzuri ni kazi bure, na hapa ndo watu wanaharibu. Gari za Kiingereza zina midomo ya aina mbili kwenye gari hiyohiyo moja. Pale nati inapokuwa dume, yani inaingia ndani ya silinda au ndani ya tii, bomba linatakiwa mdomo wa mara moja uliovimba kama kofia ya uyoga. Pale nati inapokuwa jike inayovaa juu ya kitu, bomba linatakiwa mdomo wa kukunjwa mara mbili, unaanza kuuvimbisha kisha unaurudisha ndani unakuwa kama faneli yenye kuta mbili. Ukichanganya, nati itakaza vizuri tu na utadhani umemaliza, kumbe mdomo haujakaa kwenye kiti chake, unavuja polepole au siku ya kukanyaga kwa nguvu ndo unaachia. Fundi wangu ni mzee ambaye alishika hizi 109 zikiwa bado mpya kwenye gereji za serikali, alinikalisha chini akaniambia "kijana, kabla ya gari haribu kwanza mita moja ya bomba lako", basi tulikata vipande vifupi tukapiga midomo kama kumi na tano na kutupa. Mdomo ukikaa upande, ukipasuka ufa mdogo kama nywele, ukiwa na mkwaruzo, unatupwa. Mwanzo niliona anapoteza bomba langu nililoagiza mbali. Baada ya kumaliza gari lote na kukuta hakuna kiungio hata kimoja kinachovuja, nikaelewa alikuwa anafanya nini.

Vitu vingine alivyonisisitizia: bomba likatwe kwa kikata bomba kile cha gurudumu, sio msumeno, msumeno unaacha mdomo umepinda na vumbi la chuma ndani ambalo litaenda kukwaruza mipira ya silinda. Ukishakata safisha ukingo, nje na ndani, kisha puliza upepo. Na vaa nati KABLA hujatanua mdomo, najua linasikika kama jambo la mtoto lakini siku ya kwanza tumelisahau mara mbili, unamaliza mdomo mzuri kabisa halafu unaiona nati imekaa mezani. Kufungua nati za zamani usitumie spana ya kawaida ya mdomo wazi maana inazungusha kona, tumia ile spana ya ring iliyoachwa mwanya wa kupitisha bomba, inashika pande karibu zote.

Uzi sasa. Hapa tulipoteza nusu siku na ilikuwa nusura tufunge kitu cha hatari. Gari yangu nati zake ni za inchi, 3/8 UNF, nyuzi 24 kwa inchi. Wili silinda (ile ya kwenye tairi inayosukuma breki) ya nyuma kulia ilikuwa inavuja nikanunua mpya dukani, muuzaji anasema ya 109 hiyohiyo, kweli umbo ni lilelile. Tunafunga nati inaingia vizuri, laini mno, mzee akasimama akasema hii inaingia kirahisi kupita kiasi. Kupima, ile silinda ni ya uzi wa milimita, M10 kwa 1. Angalia hesabu ilivyo: 3/8 ni milimita 9.5 na uzi wake una hatua (umbali wa jino hadi jino) ya milimita 1.06, ile nyingine ni milimita 10 na hatua ni 1 kamili. Yani nati ya inchi inaingia kwenye tundu la milimita, inalegea kidogo tu, unaikaza unaona imeshika, kumbe imeshika kwa ncha za meno, presha ikija inachomoka na meno yote. Kinyume chake nati ya milimita kwenye tundu la inchi inagoma mapema, hiyo angalau inakuonya. Hata spana haikusaidii kutofautisha, nati ya inchi inachukua spana ya 7/16 ambayo ni karibu sawa na 11. Series III za mwishoni kiwanda chenyewe kilishaanza kuhamia milimita, na spea za siku hizi ziko za aina zote mbili kwenye rafu moja, kwahiyo nenda dukani na nati yako ya zamani mfukoni uijaribu palepale kwa vidole. Silinda nilirudisha, wakanibadilishia bila maneno.

Haya, hosi za stenlesi. Najua hapa kuna watakaonibishia lakini nasema nilichokiona kwa mguu wangu. Watu wengi wananunua hizi hosi wakitegemea pedali itakuwa ngumu kama jiwe, maelezo ni kwamba hosi ya mpira inavimba ukikanyaga na ya stenlesi haivimbi. Ni kweli haivimbi. Lakini sisi tulifanya hivi, kwakuwa ndugu yangu alichelewa na mzigo wa hosi, tulifunga kwanza mabomba mapya pamoja na hosi mpya za mpira nilizonunua hapa kwa bei ndogo tu, nikaendesha wiki tatu, halafu ndo tukabadilisha tukaweka za stenlesi. Mafuta yaleyale, shuu (zile zinazobana dramu kwa ndani) zilezile, fundi yuleyule. Tofauti kwenye pedali ilikuwa ndogo sana, kama nisingejua zimebadilishwa sijui kama ningehisi. Kilicholeta tofauti kubwa kabla ya hapo ni kurekebisha shuu. Kwenye breki za dramu safari kubwa ya pedali inaliwa na ule mwanya kati ya shuu na dramu, hosi zenyewe ni tatu tu fupi, mbili mbele na moja nyuma, zinavimba kiasi gani mpaka uhisi? Mwenye gari ya diski, au anayeshusha milima na mzigo kila siku breki zinachemka, pengine atapata zaidi ya nilichopata mimi.

Nisizionee lakini. Kuna faida nyingine ambayo kwangu ni ya kweli, ule msuko wa waya unazuia kukatwa na mawe na visiki, na huku kwetu ukiingia porini miiba na vijiti vinashika kila kinachoning'inia. Ila agiza zile zenye gamba la plastiki kwa juu. Za waya mtupu zina shida mbili, vumbi na mchanga vinaingia kati ya nyuzi na kusaga taratibu kwa ndani, na wenyewe waya ni kama tupa, ukigusa chesisi au bomba jirani unalikata. Yangu ya mbele kushoto tulikuta baada ya kuwasha na kuzungusha usukani mpaka mwisho inagusa springi kwa mbali, tukalegeza pale kwenye mkono wake na kuigeuza kidogo ikakaa sawa. Hii ni lazima uifanye na hosi ya aina yoyote: zungusha usukani mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia, kisha piga jeki kwenye chesisi, sio kwenye difu, ili ekseli ininginie chini kabisa, uone hosi haivutiki na haijajisokota. Waliopandisha gari kwa springi ndefu ndo waangalie zaidi, hosi ya urefu wa kiwandani inaweza kuwa fupi kwao.

Na kitu kimoja ambacho hosi mpya zilinitatulia, hata zile za mpira, tairi la mbele kulia lilikuwa linabaki limeshika baada ya kuachia pedali, dramu inachemka, mafundi wawili kabla walishanibadilishia silinda na springi za shuu bila mafanikio. Tulipokata hosi ya zamani kwa kisu tukakuta ndani imevimba imejifunga, mafuta yanasukumwa kwa nguvu ya mguu yanapita lakini kurudi yenyewe hayawezi. Kwa nje haikuwa na ufa hata mmoja. Kwahiyo kama hosi zako hujui zilifungwa lini, badilisha, hata kama ni za mpira za kawaida, lakini ziwe mpya kweli na ziwe na maandishi ya kiwango yaliyochapwa juu yake, usichukue zilizotolewa kwenye gari nyingine.

Kutoa upepo. 109 ina sifa mbaya ya kugoma kwenye hili kwasababu mbele kila tairi lina silinda mbili, na sisi pia ilitugomea asubuhi nzima, pedali kama sponji. Dawa ilikuwa kukaza kwanza marekebisho ya shuu zote mpaka matairi yasizunguke, hapo pistoni hazina nafasi ya kusogea ukikanyaga pedali, ndo ukaanza na tairi la mbali zaidi na masta silinda, kwetu ni la nyuma kushoto, ukaja mpaka la karibu. Ukimaliza unalegeza shuu mpaka tairi lizunguke huru. Baada ya hapo pedali ilikuja juu mpaka mzee akacheka. Tulimkalisha kijana akakanyaga kwa nguvu na kushikilia kama dakika tano huku sisi tunapita kila kiungio na tishu kavu, tishu ikilowa tu unaona. Haikulowa. Nilirudia tena baada ya kilomita mia. Kuhusu mafuta, DOT 4 ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 230, ikishavuta maji inashuka mpaka 155, na inavuta maji yenyewe hewani, kwa unyevu wa pwani mimi nabadilisha kila baada ya miaka miwili na chupa iliyofunguliwa siku nyingi siitumii. Usichanganye na DOT 5 ile ya silikoni. Na ikidondoka kwenye bodi mwagia maji haraka, inabandua rangi.

Kazi yote ilichukua siku mbili na nusu, mzee alinitoza laki moja na ishirini, nikamuongezea mwenyewe maana kwa uvumilivu ule hakustahili kulipwa kidogo hivyo.

Kwahiyo kama hela yako ni ya kupima, na zetu wengi ziko hivyo, mpangilio wangu ni huu: bomba la kopa nikeli na nati mpya kwanza, kifaa cha kutanua mdomo hata kama ni kuchangia watu watatu, hosi mpya za mpira zenye kiwango, na ile laki mbili ya stenlesi iweke kwenye masta silinda ya vyumba viwili. Hiyo ya vyumba viwili inagawa mbele na nyuma, bomba moja likipasuka bado unabaki na nusu ya breki, na Land Rover wenyewe walikuja kuifunga kwenye hizi hizi Series III. Mimi nilianza na kinachong'aa nikaacha hicho, na nikiangalia nyuma pale chini ya Soni hosi za stenlesi zisingenisaidia kitu ila vyumba viwili vingenisaidia. Oktoba 2024 kwenye lile tamasha la Land Rover Arusha nilizunguka sana nikiinama chini ya 109 na 88 (zile fupi) za watu, na nilichokiona ni hosi nyingi za kupendeza zimefungwa kwenye mabomba ya chuma yaliyovimba kutu kwenye klipu, pale pale langu lilipotobokea. Wenyewe nilikuwa nawaambia, wengine walinisikiliza.

Masta silinda ya vyumba viwili nimeshaagiza, inabidi bomba la kwenda nyuma nilichukulie mahali pengine kabisa na tii ya mbele ibadilike, kwahiyo ile koili ya pili sitaigusa mpaka ifike. Kifaa cha midomo kiko nyumbani, mwenye 109 au 88 aliye Tanga au Muheza akikihitaji aje achukue bure, ila arudishe kikiwa kisafi na vile vishikio vyake vyote vinne viwemo.